Kuacha Zamu Bila Kung'oa Fimbo

Ipo asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, hata vumbi lake nalihisi kooni. Niliikumbuka tena Jumamosi iliyopita, nilipokuona pale darasani kwetu Kitengela ukirarua karatasi yako kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe lilikuwa "waive". Ulikuwa umeandika habari za kijana aliyechelewa kwenye usaili wa kazi, na ukakitumia kitenzi hicho kusema kwamba alipoteza nafasi yake. Nikakuambia hapana, hiyo siyo kazi ya kitenzi hicho. Hukuniuliza kwa nini. Uliinama, ukairarua karatasi nzima, pamoja na sentensi zote nzuri zilizokuwa juu yake, ukatoka nje.

Nilitaka kukufuata. Nilibaki nimeshika chaki, kwa sababu nilikuwa nimejiona mwenyewe.

Nakuita mwanangu na najua kuna watakaocheka. Sina mvi. Mama yangu akinipigia simu bado ananiuliza kama nimekula. Lakini hapa kwetu ukishaombwa kusimama mbele ya wadogo zako, umri unaongezewa papo hapo, upende usipende. Basi vumilia nikuzeekee kidogo, nikuambie ni nani aliyenifunza maana ya neno hilo. Hakuwa mwalimu, na Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji.

Mimi shule niliiacha mapema, baba alipofariki, nikarudi nyumbani Kisaju kumsaidia mama. Nilirudi na kamusi moja ya Kiingereza niliyopewa na mwalimu aliyekuwa anahamia kwingine. Nilijisomea mwenyewe. Nilikuwa naisoma nikichunga mbuzi, nikikamua, nikingoja chai ichemke. Kurasa za mwisho sikuwahi kuzisoma kwa sababu mbuzi mmoja wa mama, jike jeupe lisilo na adabu, alizitafuna siku niliyosahau kamusi juu ya jiwe. Kwa hiyo Kiingereza changu kiliishia kwenye herufi V. Maneno ya baada ya hapo nilikuwa nayaokota redioni na kuyakisia.

Wenzangu waliniita Dikshenari. Sikulipenda jina hilo, lakini sikulikataa pia, maana liliniambia nina kitu. Shida yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa siwezi kusema sentensi mpaka niipange kichwani yote, niipige pasi, nikague kila kona. Mara nyingi nilipokuwa tayari kusema, watu walikuwa wameshahamia habari nyingine. Nilikuwa nikilala naikumbuka sentensi niliyokosea kanisani miezi mingi nyuma, nazika uso kwenye blanketi. Nakuambia haya ili ujue kwamba siongei na wewe kutoka juu ya mlima.

Ule mwaka ukame ulikuwa mbaya. Tulikuwa na kisima kimoja kilichochimbwa kwa mashine na watu wa mradi fulani kutoka ng'ambo, kwenye ardhi ya Mzee Lemayian. Pale mahali baba yake alikuwa amechimba kisima cha mkono zamani, na wale wa mradi walipokuja alikubali wachimbe papo hapo kwa ajili ya watu wote. Kwa heshima hiyo mkutano ulikubaliana kwamba mifugo yake inywe ya kwanza, kila siku ya zamu yao. Hakuomba. Alipewa.

Kisima kilikuwa na desturi yake. Mwenye zamu alikuja na fimbo yake ya kuchungia, akaisimamisha ardhini kando ya birika la saruji ambalo ng'ombe walinywea. Fimbo ikiwa imesimama, hakuna mwingine aliyeleta mifugo yake mbele. Kundi lake likishakunywa, aling'oa fimbo mwenyewe, na anayefuata akachomeka yake. Kila kundi lilikunywa siku moja na kukaa siku inayofuata bila maji. Maji ya tangi yalitosha makundi machache tu. La mwisho mara nyingi lililamba saruji.

Na palikuwa na sheria kali, iliyowekwa baada ya vijana kupigana pale mpaka mmoja akavunjwa mkono. Atakayekosa zamu yake, fimbo yake inang'olewa na anarudi mwisho wa mstari mpaka mvua inyeshe. Mwisho wa mstari, katika mwaka kama ule, maana yake ni kwamba ng'ombe wako wanakufa. Kila mtu alilijua hilo, na sheria hiyo iliheshimiwa kuliko ya chifu.

Asubuhi ninayokuambia, lori lilikuwa limeharibika usiku barabara ya Namanga, karibu na Kisaju. Lilikuwa limebeba ng'ombe wa Mama Halima. Huyu alikuwa mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa Kitengela, na pia alinunua mifugo na kuiuza. Dereva alikuwa amewateremsha ng'ombe kando ya barabara, na tayari walikuwa wamekaa muda mrefu bila maji kabla hata ya lori kuzimika. Mama Halima aliwaswaga mwenyewe mpaka kisimani kwetu, buibui lake limekuwa jekundu kwa vumbi, viatu ameshika mkononi. Ng'ombe waliponusa maji walianza kulia. Sijui kama umewahi kusikia ng'ombe wenye kiu wakilia karibu na maji ambayo hawaruhusiwi kunywa. Mtu mzima anaangalia chini.

Mama Halima hakuwa mwanachama wa kisima. Hakuwa na zamu. Alisimama mbali kidogo, akasalimia, akasema, "Wazee wangu, mimi siombi ya kwangu. Mimi niko na maji ya chupa. Hawa tu."

Fimbo iliyokuwa imesimama pale ilikuwa ya Mzee Lemayian. Ng'ombe wake walikuwa wameshafika, mbavu zote nje, na kati yao palikuwa na mmoja mzee aliyeitwa Nadoo, mwekundu, ambaye ndama zake walikuwa wameenea kila boma la pale kwetu. Mzee alimtazama Nadoo. Akawatazama ng'ombe wa Mama Halima. Alikaa hivyo kwa muda, akizungusha pete ya shaba kidoleni, halafu akasema kwa Kimaasai, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba hawa wageni wanywe kwa zamu yake.

Hapo ndipo shida ilipoanza, mwanangu. Binamu yangu Tipape, aliyekuwa na ufunguo wa bomba na ambaye zamu yake ilifuata, alisema sawa, wanywe, lakini sheria ni sheria. Mzee akimwachia mtu mwingine zamu, basi ameikosa. Fimbo ing'olewe, arudi mwisho wa mstari. Usimwone Tipape kama mtu mbaya. Alikuwa amepoteza ng'ombe wengi mwaka huo, na aliona kwamba siku sheria itakapolegezwa kwa mzee anayependwa, kesho yake italegezwa kwa mjanja. Wengine walinung'unika kumuunga mkono. Wengine walisema haiwezekani mtu aadhibiwe kwa wema. Wana wa Mzee nao walianza kumsihi baba yao aache, kwa sababu wao ndio wangezika hao ng'ombe.

Mzee akasema aulizwe yule aliyeisaidia kamati ya kisima kupanga sheria. Alikuwepo pale. Alikuwa fundi mgeni wa mradi, kijana mrefu aliyekuja kutengeneza pampu, jina lake lilituchosha ulimi tukamwita Petro. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na majina ya spana. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyekuwa akimtafsiria siku zote, na siku hiyo mwalimu alikuwa ameenda Kajiado.

Watu wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimesimama na kina mama upande wa tangi, na madebe yetu. Nilisogea mbele, nikamweleza Petro jambo lilivyo. Sentensi zangu zilikuwa fupi na zilikanyagana, lakini alielewa. Alifuta mikono yake kwa tambara, akafikiri, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba kwa maoni yake Mzee hajakosa zamu. Mtu akikosa ni jambo jingine. Mzee anaweza "waive" zamu yake ya leo.

Halafu akasubiri nitafsiri.

Herufi W. Kwenye kamusi yangu palikuwa na alama za meno ya mbuzi.

Neno lenyewe nilikuwa nimelisikia redioni. Walisema sharti fulani lime-"waive"-wa, na watu wakafurahi kwamba sharti halipo tena. Nikawa nimeamini maana yake ni kufuta. Basi sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwangu: anasema Mzee anaweza kufuta zamu yake. Ingekuwa sentensi nzuri, haina kosa la sarufi, ningejivunia. Na Tipape angeichukua hivyo hivyo, angesema mmesikia, zamu imefutwa, na angeenda kung'oa fimbo.

Kilichonizuia hakikuwa busara. Kilikuwa woga wangu wa kawaida. Nilihisi neno halijakaa sawa, nikaanza kulipindua kichwani, na nilipoanza kupindua nikashindwa kuacha. Jua lilikuwa limepanda. Ng'ombe walikuwa wanalia. Petro alirudia sentensi yake polepole, kana kwamba mimi ni kiziwi, na hiyo ikazidi kunifunga. Nilijua natakiwa kumuuliza, "Hilo neno maana yake nini?" Maneno machache tu. Lakini kuuliza ilikuwa kukubali mbele ya Kisaju nzima kwamba Dikshenari hajui.

Tipape akasema, "Leo Dikshenari imepata pancha." Watu wakacheka, hata mama yangu alitabasamu kidogo, na sikumlaumu. Nilikuwa nataka ardhi inifunike.

Mzee Lemayian hakucheka. Aliacha kundi lake, akaja mpaka nilipokuwa, akanisalimia upya kwa lugha yetu, akiniita msichana, kama vile ndiyo kwanza tumekutana njiani.

"Entito, takwenya."

"Iko," nikaitika.

Akaniambia kwa Kimaasai, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza, kwamba yeye akipotelewa na ndama porini hakai mahali pamoja akijaribu kukumbuka ndama alipo. Anauliza kila anayepita. Kisha akasema maneno ambayo ninayo mpaka leo.

"Hujui hilo neno. Sawa. Mimi pia silijui, na mbona sioni haya? Twende tumuulize sisi wawili. Mwambie ni mimi nauliza."

Unaona alichofanya, mwanangu? Aibu ilikuwa yangu, na yeye aliichukua mkono mmoja tukaibeba pamoja. Alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuhangaikia asubuhi hiyo. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa na kiu nyuma yake. Na bado alipata nafasi ya kuona msichana mmoja amekwama.

Basi tukaenda kwa Petro. Mzee aliuliza, mimi nikatafsiri, na maswali yake yalikuwa mepesi kiasi kwamba hata Kiingereza changu kilichokatika mkia kiliyabeba.

Aliuliza kwanza: nikisema hivyo leo, keshokutwa zamu itakuwa ya nani? Petro akajibu kwamba ni ya Mzee, kama kawaida, mradi aseme wazi kwamba anaachia ya leo tu.

Akauliza: je, Tipape anaweza kunifanyia mimi hilo neno, anifanyie kwa zamu yangu? Petro alicheka, akasema hapana, mtu anaweza kulifanya kwa haki yake tu, siyo ya jirani. Na halifanyiki kwa kulazimishwa. Akilazimishwa, ni kunyang'anywa, na hilo lina jina lake.

Akauliza la mwisho, na hili aliliuliza huku akimtazama Nadoo: na kama mtu hajui anachokiachia ni kikubwa kiasi gani? Petro alifikiri zaidi hapo. Akasema inabidi ajue. Kama hajui, neno hilo halimfai.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema, "Najua."

Hapo ndipo lilipofunguka kwangu. Sikulifungua mimi, lilijifungua lenyewe nilipogeuka na kuiona fimbo yake bado imesimama kando ya birika, na yeye amesimama mbali nayo. Niliwageukia watu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasema sentensi ambayo sikuwa nimeipanga.

"Anasema Mzee anaweza kuiacha zamu ya leo kwa hiari yake, na bado ibaki yake. Fimbo haing'olewi. Yeye ndiye anasogea kando."

Halafu mzee mmoja akasema aaa, kama mtu aliyetolewa mwiba. Kila mtu pale alielewa, kwa sababu kila mtu aliiona. Tipape alisugua kichwa. Akauliza swali moja, na lilikuwa swali halali: mtu mjanja akija kesho aseme ameacha zamu kumbe alichelewa tu kitandani, tutamjuaje? Mzee akamjibu kwamba anayeacha huja kwanza akachomeka fimbo, akasema kwa mdomo wake mbele ya watu. Aliyechelewa hana fimbo pale. Tipape akakubali. Akamwambia Mzee, "Lakini wewe mzee, hawa si ng'ombe wa member."

"Tipape," Mzee akasema, "ng'ombe hana uanachama. Ako na kiu tu."

Tipape alicheka, akaenda akafungua bomba mwenyewe.

Ng'ombe wa Mama Halima walikunywa na fimbo ya Mzee Lemayian imesimama kando yao. Mama Halima alifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio, akamsogelea Mzee, akasema, "Wallahi, mzee wangu, wewe umeninywesha mimi." Akataka kumpa kitambaa kizuri kutoka dukani kwake, amletee kesho. Mzee akakataa kwa upole, akasema kitambaa atakipokea siku mama huyo atakapokuja kumtembelea kama mgeni, siyo kwa sababu ya maji. Kisha aliwaambia wanawe wawarudishe ng'ombe wao nyumbani. Walikwenda wakigeuka kutazama nyuma, wale ng'ombe. Wanawe pia.

Siku ya zamu iliyofuata niliwahi kufika kisimani. Nilikuwa sijalala vizuri. Nilitaka kuona kama neno lingesimama. Mzee alikuja na kundi lake, akachomeka fimbo mahali pale pale, na Tipape akafungua bomba bila kuambiwa. Ilikuwa zamu yake na haikuwa imeenda popote.

Lakini Nadoo hakuwepo.

Nilimuuliza Mzee yuko wapi. Akaniambia alilala chini jana mchana na hakuinuka tena. Alikuwa mzee, akasema. Huenda angekwenda hata kama angekunywa. Huenda asingekwenda. Nilianza kulia pale pale mbele yake, kwa sababu nilihesabu kwamba mimi ndiye niliyempa neno la kumwachia maji mtu mwingine. Kama ningekosea, kama ningesema kufuta, Mzee angeogopa na asingekubali, na Nadoo angekunywa.

Mzee aliniacha nilie kidogo. Kisha akasema, "Entito, wewe ulileta neno tu. Huyo ng'ombe nilimwangalia kabla sijasema. Si uliniona nikimwangalia?"

Nilikuwa nimemwona.

"Basi," akasema. "Ningekuwa sijamwangalia, ningekuwa nimefanya ujinga. Nilimwangalia, halafu nikasema."

Miaka imepita. Nimesoma kamusi nyingi tangu hapo, zenye kurasa zote. Nimesoma vitabu vya sheria ambavyo sikuvielewa vizuri, nikitafuta maelezo ya kitenzi hicho. Sijapata yanayoshinda yale ya mtu mmoja aliyesimama kando ya fimbo yake akimtazama ng'ombe wake mpendwa, akijua, halafu akasema.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, nikuwekee wazi. Ukitaka kutumia "waive", jiulize kwanza kama kitu hicho ni haki ya huyo mtu. Mwalimu mkuu anaweza kuliacha sharti la sare kwa mtoto aliyeunguliwa na nyumba, kwa kuwa sharti ni la shule yake. Mtoto mwenyewe hawezi, hata akitamani. Kisha jiulize kama ameacha mwenyewe. Yule kijana wako wa usaili alichelewa. Nafasi imemponyoka, hakuiacha. Kiingereza kina neno jingine kwa anayepoteza haki yake kwa kosa lake, "forfeit", na hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Huyo ndiye fimbo yake inang'olewa na wengine. Wala usilichanganye na kukataa, maana anayekataa hataki kitu, na Mzee Lemayian alikuwa anayataka yale maji sana. Wala na kufuta, kosa langu mimi. Kinachofutwa hakipo tena. Kilichoachwa kwa hiari, hasa kikiachwa kwa siku moja, bado kina mwenyewe. Na mwisho, jiulize kama alijua. Hilo watu wengi hulisahau, na ndilo linalolipa neno hilo uzito wake.

Hayo ni ya kitenzi. Sasa ya kwako.

Ile karatasi uliyoirarua ilikuwa na sentensi ya pili kuhusu mama yake kijana akipiga pasi shati lake kwa mkaa, na cheche ikaruka ikatoboa kola. Nimeisoma mara nyingi. Niliviokota vipande, nikaviunganisha kwa gundi, viko mezani kwangu vinakusubiri. Ulikuwa na haki ya kuniuliza maana, na hukuitumia. Usijidanganye kwamba uliiacha kwa hiari. Ilikuponyoka, kwa haya, kama ilivyokuwa karibu kuniponyoka mimi. Kuuliza ni zamu yako, mwanangu. Chomeka fimbo yako mbele ya watu useme sijui. Na ukiona mwenzako amekwama na wewe unalijua jibu, una haki ya kuonekana hodari siku hiyo, wala hakuna atakayekunyima. Hiyo ndiyo unayoweza kuiacha. Msogelee, useme, twende tuulize sisi wawili.

Mimi bado napanga sentensi kichwani. Hii barua yenyewe nimeiandika upya zaidi ya ninavyotaka ujue, na mahali fulani katikati najua kuna sentensi isiyokaa vizuri. Nimeiacha. Nimeitazama kwanza, halafu nimeiacha.

Mzee Lemayian alifariki baada ya mvua kurudi, akiwa na ndama za Nadoo malishoni. Mama Halima alikuja mazishini na kitambaa chake, akasema hatimaye amekuja kama mgeni. Siku zake za mwisho, kila nilipopita bomani kwake, Mzee alikuwa akinibariki kwa maneno yale yale, nami nayapitisha kwako kama nilivyoyapokea. Enkai, Mungu wetu, akupe maji siku ya zamu yako. Akupe macho ya kuona aliye na kiu nyuma yako. Akupe moyo wa kujua unachokiachia, na mdomo wa kukisema. Na fimbo yako aiache imesimama mpaka utakapoing'oa mwenyewe.

Ukifika hapo itikia, kama tunavyoitikia baraka kwetu, hata kama uko peke yako: Naai.